Jicho Moja la Mbali, Jicho Moja la Karibu: Swali la Mamangu Lina Zaidi ya Miaka 700

Niambie kama hii haijatokea kwenu. Mzazi anapata meseji ya M-Pesa. Anashika simu, anaisukuma mbele polepole mpaka mkono unaisha, anakunja uso, halafu anakupea: "Hebu nisomee hapa, hii taa ni mbaya." Taa iko sawa kabisa. Taa haijawahi kuwa na shida.

Kwetu ilianza mwaka jana. Mathe ni fundi wa nguo, na tangu nikiwa shule ya msingi amekuwa akivaa lenzi, zile ndogo za kuweka juu ya jicho, kwa sababu haoni mbali. Miwani ilimshinda kitambo kwa sababu moja tu: pasi. Ukishinda kwa pasi ya mvuke siku nzima, miwani inageuka kuwa dirisha la matatu siku ya mvua. Lenzi zikamwokoa. Sasa amefika miaka 46, na lenzi zilezile zinazomwonyesha namba ya matatu kutoka ng'ambo ya barabara haziwezi tena kumwonyesha tundu la sindano.

Akaenda kliniki moja ya macho mjini, akarudi na maneno mawili mapya: monovisheni na maltifokali. Akaambiwa achague. Monovisheni ni kwamba jicho moja linapewa lenzi ya kuona mbali na lingine linapewa lenzi ya kuona karibu. Maltifokali ni kwamba kila lenzi ina nguvu zote mbili ndani yake, ya mbali na ya karibu, na macho yote mawili yanavaa hizo. Kwa kuwa bei ya kuanzia ilikuwa rahisi kidogo, akachukua monovisheni ajaribu. Wiki ya kwanza akamimina chai ya mgeni kando ya kikombe. Mgeni mwenyewe alikuwa pasta.

Alichoniudhi mimi si chai. Ni kwamba hakuna mtu aliyemwambia kila lenzi inakupa nini na inakunyang'anya nini. Kwa hivyo nikaanza kusoma, na nikagundua kitu: hili swali si la mamangu peke yake, na si jipya. Watu wamelisumbukia kwa zaidi ya miaka 700, na majibu yamekuwa mawili tu. Unagawa lenzi, ama unagawa macho.

Kwanza, kwa nini mikono inakuwa mifupi

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi uliyozaliwa nayo. Ukiwa mdogo ni laini. Ukitaka kuona kitu cha karibu, msuli ulioizunguka unajikaza na lenzi inanenepa. Ukitazama mbali inakuwa bapa. Hii kazi unaifanya maelfu ya mara kwa siku bila kujua.

Aliyelithibitisha jambo hili ni Mwingereza Thomas Young, mwaka wa 1801. Kuna walioamini kwamba ni ngozi ya mbele ya jicho, ile konea, inayojikunja. Young akaliweka jicho lake kwenye maji. Ukiwa ndani ya maji, konea inapoteza karibu nguvu yake yote ya kupinda mwanga. Na bado jicho lake likaweza kujirekebisha, kuona karibu na mbali. Basi kinachobadilika kiko ndani. Ni ile lenzi.

Shida ni kwamba lenzi hiyo inakuwa ngumu kadiri miaka inavyosonga. Ukifika kwenye miaka ya 40 haikubali tena kunenepa vizuri. Hali hiyo inaitwa presbiopia. Si ugonjwa, si laana, wala si kwa sababu Mathe anashinda TikTok. Inampata kila mtu. Wewe unayecheka mzazi wako leo, zamu yako iko njiani.

Jibu la kwanza: gawa lenzi

Miwani ya kwanza ilitengenezwa Italia, karibu na mwaka wa 1286. Tunaujua wakati huo kwa sababu padre mmoja, Giordano wa Pisa, aliitaja kwenye mahubiri huko Florence mwaka wa 1306, akisema kwamba ufundi huo ulikuwa haujatimiza miaka 20. Na hiyo miwani ya kwanza haikuwa ya vijana wasioona mbali. Ilikuwa ya wazee wasioona karibu: watawa waliotaka kusoma, makarani, mafundi. Yaani kitu cha kwanza ambacho binadamu alitengenezea lenzi kuvaa usoni ni shida ya mamangu.

Lakini lenzi ya karibu ikikuonyesha kitabu inaharibu mlango. Kwa hivyo ukiwa na shida mbili ulihitaji miwani miwili. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alichoka na hayo maisha. Mwaka wa 1785, akiwa na miaka 79, alimwandikia rafiki yake barua akimweleza alivyokuwa akitembea na miwani miwili na kubadilisha kila saa, moja ya kusomea na nyingine ya kutazama mandhari safarini. Mwishowe akaagiza kila lenzi ikatwe nusu, nusu ya mbali ikae juu na nusu ya karibu ikae chini, kwenye fremu moja. Hapo sasa anainua ama kushusha macho tu.

Kuna kitu kwenye hiyo barua nilikipenda. Franklin aliishi Ufaransa miaka kadhaa, na anasema mezani alihitaji kuona chakula chake na pia nyuso za watu waliokaa upande wa pili, kwa sababu Kifaransa alikielewa vizuri zaidi akiwaona wanaoongea. Kwake ilikuwa njia ya kubaki kwenye mazungumzo. Wanahistoria bado wanabishana kama yeye ndiye wa kwanza kabisa, lakini jina lilibaki kwake, na miwani hiyo ya nusu kwa nusu ikaitwa baifokali.

Mwaka wa 1959, Mfaransa Bernard Maitenaz akatoa miwani inayoitwa Varilux, ambayo nguvu yake inabadilika polepole kutoka juu hadi chini bila ule mstari wa katikati. Wazo ni lilelile la Franklin, limepigwa pasi tu.

Jibu la pili: gawa macho

Kuna watu asili iliwafanyia monovisheni bila kuulizwa. Anayetajwa sana ni James Buchanan, rais wa 15 wa Marekani, aliyeongoza kati ya 1857 na 1861. Inasemekana jicho lake moja liliona mbali na lingine likaona karibu, na ndiyo sababu alizoea kuinamisha kichwa upande akiongea na watu. Walidhani ni adabu nyingi. Jamaa alikuwa anatafuta jicho la kutumia.

Halafu kuna miwani ya jicho moja, ile ya mabwana wakubwa wa Ulaya. Hapa kuna mtu anatuhusu sisi. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alijulikana kwa vitu viwili: ua kwenye koti na kioo kwenye jicho moja. Desemba 1902 alishuka Mombasa, akapanda ile reli mpya kuelekea bara, akatazama nyika na nyanda za juu kupitia hicho kioo. Mwaka uliofuata serikali yake ikawa inawapa Wayahudi wa Ulaya ardhi ya Uasin Gishu, kana kwamba haina wenyewe. Sitasema kioo ndicho kilimfanya asione watu. Watu aliwaona. Alichagua tu asiwahesabu.

Turudi kwenye macho.

Lenzi inapanda juu ya jicho

Mwaka wa 1888, daktari Mjerumani anayeitwa Adolf Fick, akifanya kazi Zürich, alichapisha maelezo ya lenzi ya kioo inayovaliwa moja kwa moja juu ya jicho. Alianza na sungura, halafu akajijaribia mwenyewe, halafu watu wa kujitolea. Kioo hicho kilikuwa kikubwa, kimefunika hadi ile sehemu nyeupe, na mtu aliweza kukivumilia saa chache tu. Mwaka uliofuata mwanafunzi wa udaktari huko Kiel, August Müller, ambaye mwenyewe alikuwa haoni mbali kabisa, alijitengenezea zake. Alizivumilia kama nusu saa. Sasa ukilalamika lenzi zako zinakuwasha, mkumbuke Müller.

Plastiki ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwaka wa 1936 William Feinbloom wa New York alichanganya kioo na plastiki, na mwaka wa 1938 tayari alikuwa anafikiria lenzi ya jicho yenye nguvu mbili na hata tatu. Kwa hivyo hilo wazo la maltifokali lina umri wa nyanya zetu. Mwaka wa 1948 Kevin Tuohy wa California akaleta lenzi ndogo ya plastiki tupu inayokaa juu ya konea pekee.

Na hapo mlango wa monovisheni ukafunguka. Miwani ya nguvu tofauti sana kila upande inasumbua, kwa sababu inakuza picha upande mmoja kuliko mwingine na kichwa kinauma. Lenzi iliyo juu ya jicho lenyewe haisumbui hivyo. Mwaka wa 1958 daktari Mmarekani, Westsmith, aliandika kuhusu kumvalisha mtu lenzi kwenye jicho moja tu ili lisaidie kusoma. Wengi wanamhesabu yeye kama mwanzo wa monovisheni ya lenzi.

Wakati huohuo, huko Prague, mkemia Otto Wichterle alikuwa na wazo lake. Mwaka wa 1952 alikuwa kwenye treni, akaanza kuongea na abiria aliyekuwa anasoma makala kuhusu vitu vya kupandikiza jichoni. Wichterle akafikiria: mbona chuma? Mbona isiwe plastiki laini inayokunywa maji? Yeye na mwenzake Drahoslav Lím wakaitengeneza hiyo plastiki, lakini mwaka wa 1958 siasa za chama zikamfukuzisha kazi chuoni. Hakuacha. Krismasi ya 1961, akiwa nyumbani, alijenga mashine kwa vipande vya Merkur, vile vyuma vidogo vya watoto kuchezea, pamoja na dainamo ya baiskeli. Akamimina lenzi nne laini za kwanza. Serikali yake baadaye ikauza haki hizo kwa Wamarekani, na mwaka wa 1971 lenzi laini zikaruhusiwa sokoni Marekani. Biashara ikawa ya mabilioni. Yeye alipata kijisehemu.

Kila asubuhi Mathe akiweka lenzi, anaweka kitu kilichoanzia kwenye dainamo ya baiskeli. Nilipomwambia alisema, "Basi si bei ingekuwa ya baiskeli." Nilikosa jibu.

Lakini ulaini ulileta mtihani. Lenzi ngumu inateleza. Ukitazama chini, kope la chini linaisukuma juu na ile sehemu ya karibu inafika mbele ya mboni, sawasawa na ya Franklin. Lenzi laini imekaa tu mahali pake. Kwa hivyo maltifokali laini zinatumia ujanja mwingine: miduara, kama ukikata kitunguu. Mduara wa karibu na wa mbali yote iko mbele ya mboni kwa wakati mmoja. Jicho linapokea picha zote mbili, safi na yenye ukungu, na ubongo ndio unaambiwa utafute.

Ukiangalia vizuri, majibu yote mawili yanaishia hapo. Lenzi hairudishi jicho la miaka 20. Inapea ubongo picha mbili na kuuambia: jipange.

New York, 1996

Sasa kile ambacho mamangu hakuambiwa.

Tarehe 19 Oktoba 1996, ndege ya Delta, safari namba 554, ilikuwa inatua LaGuardia, New York. Mvua, ukungu, na njia ya kuingilia iko juu ya maji. Juu ya maji huna nyumba, huna mti, huna kitu cha kukusaidia kupima umbali. Ndege ikashuka chini kuliko ilivyopaswa, ikagonga nguzo za taa zilizo kabla ya barabara ya kutulia. Ndani kulikuwa na watu 63. Wachache waliumia kidogo na hakuna aliyekufa, lakini kwa inchi ngapi sijui niseme.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichunguza na kutoa uamuzi: rubani alishindwa kupima vizuri ndege iko wapi ukilinganisha na barabara, na sababu iliyotajwa ni lenzi za monovisheni alizokuwa amevaa. Nafasi zisizo sawa kati ya taa za pembeni, mvua, na yale maji viliongezea. Marubani wa Marekani hawaruhusiwi kuendesha ndege wakiwa na lenzi za aina hiyo.

Sababu yenyewe si uchawi. Macho yako mawili yako sentimita chache mbali, kwa hivyo kila moja linaona picha tofauti kidogo. Ubongo unalinganisha hizo picha na kukuambia kitu kiko umbali gani. Jicho moja likiwa na ukungu, ulinganisho unakuwa mbovu. Mara nyingi unaokolewa na vitu vingine: ukubwa wa kitu, kivuli, barabara inavyopungua. Ukinyimwa hivyo vingine, hapo ndipo unajua ulikuwa umepungukiwa. Ndege juu ya maji. Chai kwenye kikombe cheupe juu ya kitambaa cheupe.

Jaribu hapo ulipo. Unganisha viganja vyako utengeneze kidirisha kidogo, nyoosha mikono, tazama saa ya ukutani kupitia hicho kidirisha macho yote yakiwa wazi. Sasa funga jicho moja moja. Jicho ambalo saa inabaki ndani ya kidirisha ndilo jicho lako kuu. Kwenye monovisheni, kwa kawaida hilo ndilo hupewa kazi ya mbali. Nilimfanyia Mathe. La kwake ni la kushoto.

Maltifokali nayo si malaika

Nisije nikaonekana nauza maltifokali. Nayo ina deni lake. Kwa sababu mwanga umegawanywa kati ya mbali na karibu, hakuna upande unaopata wote. Rangi zinazokaribiana zinafifia kidogo. Ukiwa na taa hafifu, maandishi madogo yanakataa. Usiku mboni inafunguka, miduara mingi zaidi inaingia kazini, na taa za magari zinavaa taji. Anayeendesha Thika Road saa tatu usiku anajua taa za mbele zilivyo tayari bila taji.

Monovisheni, kwa upande wake, ni rahisi kwa anayeanza. Ukiwa na miaka 42, tofauti kati ya macho ni ndogo na ubongo unazoea ndani ya wiki chache. Shida ni kwamba presbiopia inaendelea. Ukifika 50 na kitu, jicho la karibu linahitaji nguvu zaidi, tofauti inapanuka, na walioizoea wengine wanaanza kuichukia. Maltifokali pia zinahitaji kubadilishwa, lakini macho yote mawili yanabaki kazini.

Na kuna jibu la tatu ambalo halina jina la kuvutia: baki na lenzi zako za mbali, halafu vaa miwani ya kusomea juu yake unapohitaji. Ile miwani ya wazee ya mwaka wa 1286. Bado inafanya kazi.

Maoni yangu, na unaweza kubisha

Tunauliza swali vibaya. Tunauliza lenzi gani ni bora. Franklin hakuanza na lenzi. Alianza na meza, chakula na nyuso za Wafaransa. Mtu aulizwe kwanza siku yake inakaaje. Unaendesha usiku? Unapanda ngazi umebeba kitu? Unashona? Unasoma sana kwenye mwanga mbaya? Mhasibu anayekaa ofisini mchana anaweza kufurahia monovisheni maisha yake yote, na wapo wengi. Fundi wa kuweka uzi kwenye sindano, kazi ambayo ni umbali mtupu, ni hadithi nyingine.

Pia tusijidanganye. Kuchagua kati ya lenzi mbili ni bahati. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2019 kwamba watu milioni 826 wana shida ya kuona karibu ambayo haijashughulikiwa, na wengi wao wangetosheka na miwani ya kusomea tu. Mwaka wa 2018 ulichapishwa utafiti wa wachuna chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya karibu bure walichuna zaidi, wakawazidi wasiopewa kwa karibu asilimia 22. Fikiria hilo, halafu fikiria Kericho. Fikiria shosho anayechagua mawe kwenye maharagwe kwa kubahatisha. Sisi tunasema amezeeka. Huenda amekosa miwani tu.

Mathe alirudi kliniki. Safari hii nilienda naye na maswali yameandikwa kwenye simu, kwa herufi kubwa ili ayasome mwenyewe. Daktari aliyemwona siku hiyo alikuwa mvumilivu sana, alijibu yote. Akatoka na maltifokali za majaribio. Tumenunua taa kali ya kuweka juu ya cherehani, kwa sababu hizo lenzi zinapenda mwanga. Akiendesha usiku anatoa lenzi na kuvaa miwani yake ya zamani, maana garini hakuna pasi. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi bado unamshinda, na hapo anavaa ya kusomea juu ya lenzi na kunung'unika.

Si kamili. Lakini sasa anajua alichopewa na alichotoa.

Kwa hivyo leo jioni, mzazi akikupea simu akisema taa ni mbaya, msomee. Halafu usiishie hapo. Mwambie si taa, na umpeleke apimwe.